TUJIFUNZE: MWIZI ANAYEJIFANYA FUNDI WA SIMU

Katika somo hili tutazungumzia wizi unaofanywa mchana, bila panga na bila kuvunja mlango. Mtu anakupigia simu. Anasema yeye ni fundi wa kampuni ya simu na kwamba laini yako ina tatizo. Anakuomba ubonyeze namba chache ili akutengenezee. Baada ya dakika tano anakushukuru, anakata simu, na pesa yako haipo tena.

Soma somo hili polepole. Kama nyumbani kuna mzee, mama au jirani asiyejua kusoma, msomee kwa sauti katika lugha anayoielewa. Wezi hawa huwapigia watu wa namna zote, waliosoma na wasiosoma.

1. KWA NINI TUNALIZUNGUMZIA

Zamani mtu akitaka kumtumia ndugu yake pesa kutoka Mbarara alimtafuta dereva au msafiri anayeaminika, au alifunga noti kwenye kona ya kitenge akasafiri nazo mwenyewe. Mwaka 2009 kampuni ya MTN ilianzisha nchini Uganda huduma ya kutuma pesa kwa simu, na baadaye Airtel ikafuata. Leo hapa Nakivale, kuanzia Base Camp hadi Juru na Rubondo, huhitaji kutembea sana ili ukute kibanda cha njano au chekundu cha ajenti. Mtoto aliyeko Kampala anamtumia mama yake pesa ya dawa. Mfanyabiashara wa samaki anamlipa mvuvi wa ziwani bila kubeba noti. Ni msaada mkubwa.

Lakini pesa ilipohamia kwenye simu, wezi nao walihamia huko. Wako wachache wanaojua kuvunja mitambo yenyewe. Mwezi Oktoba 2020 wezi waliingia katika mitambo ya Pegasus Technologies, kampuni ya Kampala inayounganisha mabenki na huduma za pesa za simu. Kwa siku kadhaa huduma ya kutuma pesa kati ya benki na simu ilisimamishwa. Wizi wa namna hiyo unahitaji ujuzi mkubwa, na wanaopambana nao ni kampuni na polisi.

Wizi unaotufikia sisi kambini hauhitaji ujuzi wa kompyuta. Mwizi hana ufunguo wa kufungulia pesa yako. Ufunguo ni wako wewe, nao ni vidole vyako na namba yako ya siri. Kazi yake yote ni kukushawishi ufungue mwenyewe.

2. TUCHUKUE MFANO

Mfano huu si habari ya mtu mmoja. Tumeutunga kutokana na jinsi wizi huu unavyofanyika, ili uone hatua zake. Mama mmoja anauza nyanya na dagaa sokoni. Simu inalia, na namba haijui.

Mpigaji: Habari za asubuhi, mama. (Anamtaja kwa majina yake mawili.) Mimi ni fundi kutoka ofisi kuu ya kampuni ya simu, Kampala.

Mama: Nzuri, bwana. Kuna nini?

Mpigaji: Tunabadilisha mtambo wetu wa Mbarara. Laini za wakimbizi ambazo hazijahakikishwa zitafungwa leo saa sita mchana. Na wewe una pesa kwenye laini, sivyo?

Mama: Ndiyo, iko kidogo. Basi nifanyeje?

Mpigaji: Usiogope, mama, ndiyo maana nimekupigia. Usikate simu. Weka sauti kubwa, ubonyeze *165#. Usisome yaliyoandikwa, ni Kiingereza kingi. Fuata maneno yangu tu. Chagua namba moja. Halafu namba moja tena.

Mama: Inaomba namba.

Mpigaji: Hiyo ni namba ya mtambo mpya. Andika. (Anamtajia tarakimu kumi.) Vizuri sana. Sasa inaomba usajili. Andika nane, tano, sifuri, sifuri, sifuri.

Mama: Elfu themanini na tano?

Mpigaji: Hapana, mama, si elfu! Ni namba ya usajili wako. Andika haraka, mtambo unajifunga. Sasa weka namba yako ya siri. Lakini usinitajie mimi! Mimi siruhusiwi kuijua. Iandike mwenyewe kwenye simu, halafu utume.

Mama anatuma. Mpigaji anamwambia azime simu kwa saa nzima ili mtambo ufanye kazi. Anapoiwasha, salio lake limebaki mia chache.

3. NI NINI KILICHOTOKEA?

Turudie hatua moja moja, maana hapa ndipo penye somo.

Kwanza, *165# ni mlango wa MTN MoMo. Mlango wa Airtel Money ni *185#. Ukibonyeza namba hizo umefungua sanduku lako la pesa. Hazitengenezi mtandao wala hazisajili laini.

Pili, mama aliongozwa kwenye sehemu ya kutuma pesa. "Namba ya mtambo" ilikuwa namba ya simu ya mwizi, au laini anayoitumia. "Namba ya usajili" ilikuwa kiasi cha pesa, yaani shilingi 85,000. Kila hatua mwizi alibadilisha jina la kitu: mahali menyu ilipouliza kiasi, yeye alisema usajili.

Tatu, angalia jambo hili kwa makini. Mwizi hakuomba namba ya siri. Alimkataza mama asiitaje. Wengi wetu tumefundishwa, "Usimwambie mtu namba yako ya siri," na mafundisho hayo ni ya kweli. Lakini hayatoshi. Mama huyu hakumwambia mtu, na bado ameibiwa. Kuandika namba ya siri kwenye simu ni sawa na kutia sahihi. Ukiiandika, umesema, "Ndiyo, toa pesa."

Nne, aliambiwa azime simu. Hiyo ilikuwa kumzuia asione ujumbe wa kutoa pesa na asiwahi kupiga simu kwa kampuni, wakati mwizi anakwenda kwa ajenti kuzitoa.

Huenda ukauliza, "Mbona alijua jina lake?" Jibu ni rahisi. Mtu yeyote akianza kukutumia pesa, simu humwonyesha jina lililosajiliwa kwenye laini yako kabla hajathibitisha. Mwizi hujaribu namba, akasoma jina, akaacha bila kutuma kitu. Tena majina na namba zetu huandikwa katika madaftari ya maajenti, ambapo yeyote aliyesimama karibu anaweza kusoma. Kwa hiyo mtu kujua jina lako si ushahidi kwamba anatoka ofisini.

4. SURA NYINGINE ZA WIZI HUO HUO

(a) Pesa iliyopotea njia. Unapata ujumbe kwamba umetumiwa pesa. Mara mtu anapiga akilia: amekosea namba, mtoto wake yuko hospitalini, tafadhali umrudishie. Mara nyingi ujumbe ni wa uongo, umeandikwa kwa mkono na kutumwa kutoka namba ya kawaida. Usiamini ujumbe. Fungua menyu mwenyewe utazame salio. Hata kama pesa imeingia kweli, usiirudishe wewe, kwa maana inaweza kuwa imeibwa kwa mtu mwingine. Mwambie apigie kampuni yake ya simu, nayo itarekebisha.

(b) Namba ya tarakimu sita. "Fundi" anasema amekutumia kwa makosa ujumbe wenye tarakimu sita, umsomee. Hizo ni tarakimu za kufungulia WhatsApp yako kwenye simu yake. Ukimsomea, atawaandikia ndugu zako wote kwa jina lako akiomba pesa. Ndugu aliyeko Australia au Kanada atadhani ni wewe mwenye shida.

(c) Kuhamisha simu zako. Anakuambia ubonyeze *21*, halafu namba fulani, halafu # ili "mtandao upate nguvu". Namba hizo hazileti nguvu yoyote. Zinahamisha simu unazopigiwa ziende kwake. Kama umewahi kudanganywa hivyo, bonyeza ##21# ili kufuta.

(d) Programu ya kukusaidia. Wenye simu kubwa huambiwa waweke programu ili fundi "aone tatizo". Zipo programu halali za kazi hiyo, kama AnyDesk na TeamViewer, lakini zikiwa mikononi mwa mwizi humwezesha kuona kila unachofanya. Njia hii imewaumiza watu wengi Uingereza na Marekani. Huko wezi hupiga wakisema wanatoka Microsoft na kwamba kompyuta ina virusi. Basi usidhani wanaodanganywa ni wakimbizi tu.

(e) Faili lililokwama. Huu ndio mbaya kuliko yote kwetu. Mtu anasema yeye ni fundi wa kompyuta wa UNHCR, wa OPM au wa ofisi ya safari. Faili lako la kwenda nchi ya tatu limekwama kwenye kompyuta, na kwa kiasi fulani cha pesa atalikwamua. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia nyingi zilizokuwa zikingoja safari zilibaki hapo zilipo. Mtu aliyekwisha kuuza vitu vyake akingoja siku ya kuondoka ni rahisi kudanganywa. Mwizi anajua hivyo. Ndugu msomaji, shika neno hili: huduma za UNHCR na washirika wake ni bure. Hakuna faili linalofunguliwa kwa kutuma pesa kwenye simu. Mwenye kukuomba pesa kwa ajili ya faili ni mwizi, hata kama amevaa kitambulisho, na hata kama ni mtu wa kabila lako.

5. KWA NINI TUNANASWA?

Tusiwacheke walioibiwa. Kuna sababu.

Sababu ya kwanza ni hofu ya kufungiwa laini, na hofu hiyo haikutoka hewani. Uganda ilianza kusajili laini mwaka 2012. Mwaka 2017 Tume ya Mawasiliano, UCC, iliagiza laini zihakikishwe kwa kitambulisho cha taifa, na wakimbizi wengi walipata shida kwa kuwa kitambulisho hicho si chao. Wengine waliomba laini kwa majina ya majirani Waganda. Mwaka 2019 UCC iliruhusu wakimbizi kusajili laini kwa kadi ya mkimbizi au karatasi ya utambulisho ya familia inayotolewa na OPM. Kwa hiyo mwizi akisema "laini yako itafungwa", anagusa kidonda cha kweli.

Sababu ya pili ni lugha. Menyu ina Kiingereza, nasi tunasema Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali, Kiamhari na nyingine. Tumezoea kuomba mtu atusomee na kutubonyezea. Mwizi anajifanya kuwa msaidizi huyo.

Sababu ya tatu ni heshima. Tumekaa miaka mingi tukingoja mbele ya madirisha ya ofisi. Ofisi ikiita, mkimbizi anaitika upesi. Ni vigumu kumkatia simu mtu anayesema ni wa ofisini. Lakini kumkatia simu mtu usiyemjua si kukosa adabu. Kama kweli anatoka ofisini, ofisi ipo, na wewe unajua njia ya kwenda.

6. JINSI YA KUJIKINGA

Kanuni kubwa ni moja: USIBONYEZE KITU CHOCHOTE UNACHOAMBIWA NA MTU ALIYEKUPIGIA. Kama wewe ndiye uliyeanza, kwa nia yako, kutuma au kutoa pesa, bonyeza. Kama ni yeye aliyeanza, acha.

Pamoja na kanuni hiyo, fanya haya:

– Kata simu. Usibishane naye wala usimtukane, kwa maana kadiri unavyozungumza ndivyo anavyopata njia.

– Uliza mwenyewe. Piga 100, ambayo ni namba ya huduma kwa wateja ya MTN na vilevile ya Airtel. Usipige namba aliyokupa mpigaji, maana atapokea mwenzake.

– Soma jina kabla ya kuandika namba ya siri. Simu inakuonyesha jina la atakayepokea na kiasi. Kama hujui kusoma, mwombe mtu wa nyumbani unayemwamini akufundishe kutambua maneno mawili tu ya menyu ya Kiingereza: neno la "tuma" na neno la "kiasi".

– Namba ya siri isiwe mwaka wako wa kuzaliwa wala 12345. Usiiandike nyuma ya simu wala kwenye karatasi ya utambulisho. Usimwachie ajenti akuandikie, hata kama foleni ni ndefu.

– Sajili laini kwa jina lako. Kama bado unatumia laini yenye jina la jirani, siku ya matatizo kampuni itamsikiliza jirani, maana ndiye mwenye laini. Chukua kadi yako au karatasi ya familia uende kwa wakala wa kusajili au katika duka la kampuni Mbarara. Nauli ya kwenda mjini ni kubwa kwetu, lakini unalipa mara moja tu.

– Haraka iwe alama ya hatari. "Leo saa sita", "dakika mbili tu", "mtambo unajifunga": maneno haya kazi yake ni kukuzuia usifikiri na usimuulize jirani.

7. UKISHAIBIWA

Dakika za kwanza ni za thamani, kwa sababu mwizi hutoa pesa kwa ajenti upesi. Fuata utaratibu huu:

Kwanza, piga 100 mara moja. Omba pesa izuiwe kwenye namba iliyopokea. Kama simu yako haina nguvu ya moto, azima ya jirani. Usingoje umeme wa jua.

Pili, badilisha namba yako ya siri kupitia menyu, wewe mwenyewe.

Tatu, usifute ujumbe wowote. Ule ujumbe wa kutoa pesa una namba ya muamala, saa, kiasi na jina la aliyepokea. Yanakili kwenye daftari pamoja na namba iliyokupigia.

Nne, nenda kituo cha polisi kilicho karibu, utoe taarifa na uombe namba ya kumbukumbu. Mjulishe pia mwenyekiti wa RWC wa kijiji chako ili awaonye wengine siku hiyo hiyo, kwa kuwa mwizi akifanikiwa kwa mmoja huendelea na majirani.

Tano, kama mpigaji alitumia jina la UNHCR, OPM au shirika lolote, piga 0800 323 232. Namba hiyo ni ya malalamiko na maulizo ya wakimbizi, na kuipiga ni bure. Unaweza pia kwenda ofisi ya ulinzi.

Hatuwezi kukuahidi kwamba pesa itarudi. Ikiwa imekwisha kutolewa kwa ajenti, kuirudisha ni vigumu. Lakini taarifa yako inaweza kufunga laini ya mwizi kabla hajampigia mtu mwingine.

8. KUHUSU AIBU

Kuna jambo moja ambalo sisi wafanyakazi wa jamii tunaomba familia zilifikirie. Aliyeibiwa mara nyingi hunyamaza. Mke anaogopa mume atasema amempa mwanamume mwingine pesa. Kijana anaogopa baba. Mzee anaona haya mbele ya wajukuu. Pesa ya chakula cha mwezi imekwenda, naye anakaa nayo moyoni peke yake, akikopa hapa na pale ili mtu asijue. Wengine hutumbukia mara ya pili, kwa sababu mwizi yule yule anarudi na sauti nyingine akisema yeye ni wa idara ya kurudisha pesa zilizoibwa, na kwamba lazima ulipie karatasi kwanza.

Baba, mama, usimpige wala usimfokee aliyedanganywa. Ukimfokea leo, kesho atakuficha, na mwizi anapenda nyumba ya watu wasioambiana. Muulize tu: "Alisema nini? Ulibonyeza nini? Tupige 100." Halafu wasimulie majirani bila kutaja jina.

9. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika mfano wetu, mama angeweza kukata simu katika hatua zipi? Ni neno gani lilitakiwa kumshtua kwanza?

2. Kwa nini kuficha namba ya siri hakukumsaidia?

3. Mtu anakupigia akitaja jina lako, kijiji chako na ukubwa wa familia yako. Je, hayo yanathibitisha anatoka ofisini? Utathibitisha kwa njia gani?

4. Ni nani katika kijiji chako asiyejua kusoma menyu ya simu, na ni nani atamfundisha?

5. Igizeni: mmoja awe mpigaji, mwingine mpokeaji. Mpokeaji ajizoeze kusema, "Asante, nitakwenda ofisini mwenyewe," kisha akate. Rudieni mpaka kila mmoja aweze kulisema bila kusita.

KUMBUKA: Usibonyeze unachoambiwa na mtu aliyekupigia. Kata simu, piga 100, au nenda ofisini kwa miguu yako.